Kilele Kilichopotea Majini: Jibu kwa Mwalimu Anayepiga Picha Ziwa Duluti

Swali la msomaji: «Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Usa River, karibu na Arusha, na mwaka huu nimenunua kamera ya mtumba ili nijifunze kupiga picha za mazingira. Nimekwenda Ziwa Duluti mara tatu kupiga picha ya Mlima Meru unavyoonekana majini. Nikiwa pale, uzuri wake ulininyamazisha. Nikifika nyumbani, picha zote zimepooza: maji ni meusi, mlima ni hafifu, na katika picha moja kilele kinaonekana vizuri juu ya matete lakini ndani ya maji yapo matete tu, kilele hakipo. Je, kosa ni la kamera, ni langu, au uzuri ule haupigiki?»

Marahaba, Mwalimu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu, na lile la mwisho ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Kamera yako haina kosa, na uzuri ule unapigika. Kilichokuponyoka ni jambo ambalo hata mimi nilichukua miaka kulielewa: ulikwenda kupiga picha ya mlima mara mbili, mmoja juu na mwingine chini, wakati kilichokuwa mbele yako kilikuwa ni maji. Nianze na kile kilele kilichopotea, maana ukielewa kilikokwenda, mengi ya yaliyobaki yatafunguka.

Wengi wetu hudhani kwamba maji huchukua kile tunachokiona, yakatengeneza nakala, kisha yakaipindua. Sivyo yalivyo. Ukisimama ukingoni, jicho lako lipo kama mita moja na nusu juu ya maji. Taswira unayoiona ndani ya maji ndiyo ambayo jicho lingeiona kama lingekuwa mita moja na nusu chini ya usawa wa maji, likitazama kwa kuinuka kana kwamba maji yenyewe hayapo. Kwa hiyo unatazama mlima ule ule kutoka mahali pawili, pa juu na pa chini, kwa wakati mmoja, na mahali hapo pawili hapakubaliani katika kila kitu. Ndiyo sababu mti ulioinamia ziwa hukuonyesha mgongo wa majani yake hewani na tumbo la majani hayo majini. Ndiyo sababu pia mtumbwi unaouona kwa juu, pamoja na samaki waliomo ndani yake, majini utauona ubavu na kitako tu.

Sasa tuyarudie matete yako. Kilele cha Meru, chenye mita 4,566, kikitazamwa kutoka Duluti kinainuka takriban nyuzi 10 hivi juu ya usawa wa macho. Tuseme matete yana urefu wa mita 2 na yamesimama mita 12 kutoka ulipo. Mstari unaotoka kwenye jicho lako kwenda kileleni, ukifika palipo na matete, huwa umekwisha kupanda hadi mita tatu na nusu hivi, kwa hiyo unapita juu yao bila shida na kilele unakiona. Lakini mstari wa taswira unashuka kwanza, unagusa maji mita nane na nusu mbele yako, ndipo unapoanza kupanda, na ukiyafikia matete umeinuka kidogo tu kuliko nusu mita. Unagonga mabua. Kilele hakikupotea, Mwalimu, bali kilizibwa na matete kwa yule mtazamaji wa chini ambaye hukujua kwamba yupo. Ukiishusha kamera hadi sentimita 10 juu ya maji, watazamaji hao wawili wanakuwa karibu kukutana, na kilele kitaanza kuchungulia juu ya matete hewani na majini pia.

Hapo ndipo panapotoka ushauri unaorudiwa kila mahali, kwamba mpiga picha za taswira ashushe kamera chini kabisa. Ushauri huo ni mzuri, lakini sababu inayotolewa mara nyingi si sahihi, na kwa kuwa wewe ni mwalimu nadhani utapenda sababu iliyo sahihi. Huambiwa kwamba ukishuka chini taswira inang'aa zaidi. Ni kweli kwamba maji huakisi mwanga mchache sana ukiyatazama kwa kuinama juu yake: kati ya sehemu 100 za mwanga unaoyaangukia wima, hurudisha sehemu 2 tu na nyingine huzama. Ukiyatazama kwa nyuzi 45 bado hazifiki 3. Ukiyatazama kwa mshazari wa nyuzi 10 kutoka usawa wa maji, hurudisha sehemu 35 hivi, na kwa nyuzi 5 hukaribia 60. Hivyo, kwa kitu kilicho karibu, kama ua la yungiyungi au jiwe lililotokeza, kushuka kunaongeza mng'ao wa taswira kwa kiasi kikubwa. Kwa mlima ulio zaidi ya kilomita 15, hata hivyo, mshazari haubadiliki. Kilele kikiwa nyuzi 10 juu ya upeo, taswira yake itakujia kwa nyuzi 10 chini ya upeo, uwe umesimama, umechuchumaa au umelala kifudifudi.

Kinachobadilika ni maji unayoyatumia. Ukiwa umesimama, kilele kinaakisiwa na maji yaliyo mita nane na nusu mbele yako, ambako upepo hupita upendavyo. Ukiishusha kamera hadi sentimita 15, kilele hicho hicho kinaakisiwa na maji yaliyo chini ya mita moja kutoka kwenye lenzi, yale yaliyofichwa na ukingo, nyasi na mizizi, ambayo hayapati upepo hata pale ziwa zima linapotikisika. Maana yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Maana yake ni kwamba huhitaji ziwa. Dimbwi la mvua lenye urefu wa mita mbili, katikati ya njia ya ng'ombe, linaweza kubeba Mlima Meru mzima kuanzia msituni hadi kileleni, ukiweka kamera karibu ya kugusa maji. Nimewapeleka wanafunzi wangu kwenye madimbwi ya namna hiyo baada ya mvua za masika, na kila mara huwa vigumu kuwainua.

Kuhusu weusi wa maji uliousema: hizo sehemu 35 kati ya 100 zinakueleza kwamba taswira ya kilele ina mwanga wa karibu thuluthi moja ya kilele chenyewe, yaani hatua moja na nusu hivi chini yake kwenye kamera (kila hatua moja chini ni nusu ya mwanga). Jicho halioni tofauti hiyo kwa ukali kwa sababu linahama: likitazama angani mboni hujibana, likishuka majini hupanuka, na akili huunganisha kana kwamba vyote viwili vilikuwa sawa. Kamera hutazama mara moja. Ipimie mwanga wa sehemu angavu ya mlima isiungue, piga kwa faili ghafi (RAW) kama kamera yako inaruhusu, kisha nyumbani inua kidogo upande wa maji. Kidogo. Taswira ya kitu haiwezi kung'aa kuliko kitu chenyewe, na mtazamaji, hata asiyejua sababu, hushtuka anapoona picha iliyofanya maji kuwa meupe kuliko anga inayoakisiwa humo. Mimi huacha daima tofauti ya karibu nusu hatua, na sijawahi kujuta.

Sasa nije kwenye lile lililo moyoni mwangu. Uliuliza kwa nini uzuri uliouona kwa macho haumo pichani. Una macho mawili, Mwalimu, na macho mawili hupima umbali. Unapotazama Duluti pametulia, macho yako yanaona uso wa maji palipo, mita chache mbele, kwa msaada wa jani linaloelea au vumbi la chavua lililotanda juu yake. Papo hapo yanauona mlima ukiwa mbali sana chini ya uso huo, katika kina kilicho sawa na umbali wa mlima wenyewe. Unaona sakafu nyembamba, na chini ya sakafu hiyo anga isiyo na mwisho. Nafikiri hicho ndicho kilichokunyamazisha. Kamera ina jicho moja. Inauchukua uso wa maji na kina cha anga na kuvibandika kwenye karatasi moja, sakafu inatoweka, na kinachobaki ni mlima wa juu na mlima wa chini kama karata ya mzungu wa nne, yenye kichwa juu na kichwa chini.

Kwa hiyo ile picha ambayo wanaoanza huitafuta kwa bidii zaidi, ya maji yaliyotulia kabisa bila doa, mlima umekatwa katikati sawasawa, ndiyo picha inayopoteza zaidi. Ina ukamilifu, lakini haina maji. Rudisha uso wa maji ndani ya picha. Jani moja linaloelea linatosha. Duara linalopanuka pale samaki alipopumua, mdudu anayetembea juu ya maji na kuyaminya kwa miguu yake, bua la tete lililovunjika na kutoboa taswira ya wingu, mstari mwembamba wa upepo ulioingia kutoka upande mmoja na kuikwaruza nusu ya mlima huku nusu nyingine ikiwa shwari: hizi ndizo alama zinazomwambia mtazamaji kwamba hapa kuna uso, na chini ya uso kuna kina. Wanafunzi wangu husubiri upepo utulie ndipo wapige. Mimi nawaomba wapige pale unapoanza.

Yapo mengine ambayo maji huyaonyesha yenyewe kwa anayeyatazama kwa subira. Pale yanapoakisi anga angavu, mng'ao wa anga hufunika kila kilichomo ndani. Pale yanapoakisi kitu cheusi, kama msitu wa ukingoni, mng'ao hupungua na maji hufunguka kama dirisha, ukaona mawe ya chini, magogo yaliyozama, wakati mwingine samaki wakipita ndani ya kivuli cha mti kana kwamba wanaogelea matawini. Na kama maji yana rangi yake, rangi hiyo hujitokeza katika sehemu nyeusi za taswira tu. Nenda kwenye maziwa ya Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo maji yake ni ya magadi na kila ziwa lina rangi tofauti kidogo na jirani yake kwa sababu ya mwani mdogo na chumvi zilizomo; utaona kwamba wingu jeupe majini ni jeupe vile vile katika kila ziwa, lakini taswira ya miti hapa inakwenda kijani na pale inakwenda buluu ya moshi. Bibi yangu aliita taswira ya majini «kivuli», neno lile lile la kivuli cha mti juani, na kwa muda mrefu nilidhani anachanganya mambo mawili. Siku hizi naona neno lake lilikuwa na uangalifu: maji ya tope hupokea kivuli cha jua na kukataa taswira, maji safi yenye kina hupokea taswira na kukataa kivuli cha jua, na katika maji ya katikati, kama mto uliochafuka kidogo baada ya mvua, vyote viwili hulala pamoja, kimoja kikielekea kwako na kingine kikikimbia jua.

Kuhusu saa ya kwenda, fuata kanuni moja: kitu kiwe juani, maji yawe kivulini. Maji yakipigwa na jua, tope na vumbi vilivyomo hung'aa na kuifunika taswira kwa ukungu wa rangi ya kahawia. Duluti ni ziwa la kasoko, yaani shimo la volkano, kingo zake zimeinuka na zina msitu, kwa hiyo alfajiri jua huugusa mlima mapema huku ziwa likiwa bado gizani. Muda huo ni mfupi. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu, uwe umekwisha kuchagua mahali pako siku iliyotangulia. Miezi ya Juni hadi Agosti usivunjike moyo ukikuta Meru umefunikwa asubuhi baada ya asubuhi, kwani mawingu ya msimu wa baridi huulalia; siku hizo piga kingo, mizizi na ukungu, wala usiusubiri mlima. Ukienda Momella, jua la asubuhi huingia moja kwa moja ndani ya kasoko la Meru, kwa sababu ukuta wa mashariki wa mlima huo uliporomoka zamani, na ukigeuka upande wa pili, kabla hakujapanda vumbi na mawingu, Kilimanjaro huwa wazi. Ila Momella kuna viboko. Hakuna picha inayostahili kukulaza kifudifudi ukingoni mwa maji yenye viboko au mamba. Sikiliza askari wa hifadhi, na pale anaposema simama, simama.

Katika maziwa makubwa upepo una ratiba. Ziwa Victoria, usiku nchi kavu hupoa kuliko maji na upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto na upepo hugeuka ukatoka ziwani. Kati ya pepo hizo mbili, asubuhi, huwa kuna kipindi cha utulivu, na mawe makubwa ya Mwanza husimama juu ya taswira zake kwa dakika kadhaa kabla viwimbi vya kwanza havijafika.

Lakini mahali paliponifundisha kutazama si ziwani. Ni pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakiwa yanapwa. Upande ule mwamba wa matumbawe umekaa mbali na ufuko, na kati ya mwamba na ufuko kuna uwanda mpana wa mchanga ambao siku za bamvua, maji yanapopwa mbali zaidi, huachwa wazi kwa mamia ya mita. Bahari inapoondoka haiondoki yote. Inaacha utando wa maji usiozidi unene wa kidole, na kwa kuwa utando huo ni mwembamba mno kuweza kubeba mawimbi, anga yote hushuka na kulala pale chini. Mchanga wenyewe una matuta madogo yaliyochongwa na mkondo, kama nyuzi za mkeka; matuta hubaki makavu na mifereji kati yake hubaki na maji, ukapata mstari wa mchanga, mstari wa anga, mstari wa mchanga, mstari wa anga, hadi upeo wa macho. Mara ya kwanza nilikwenda kupiga ngalawa zilizokaa mchangani. Nilipiga ngalawa hizo kwa saa nzima, na niliporudi nikakuta picha moja tu yenye uhai, ambayo nilikuwa nimeibonyeza bila kukusudia nikiwa nashusha kamera: haina ngalawa, ina mifereji hiyo tu, na katika mfereji wa tatu kuna kipande cha wingu la rangi ya waridi kilichokatika kabla hakijafika mwisho. Niliitazama kwa siku nyingi. Tangu hapo ninapofika majini huanza kwa kuelekeza kamera chini, na kile kinachoakisiwa hukiingiza pichani ikiwa tu picha inakihitaji.

Ukipata nafasi ya kwenda huko, waulize wavuvi au soma jedwali la maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, upande wa Zanzibar maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi na tena saa nne usiku, jua likiwa limekwisha kupanda au limekwisha kuzama. Utando wa maji utaupata mpana sana, ila mwanga utakuwa mkali. Kila siku kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo anayetaka maji yaliyopwa pamoja na jua la machweo asubiri hadi siku mbili tatu baada ya maji mafu (siku za kujaa na kupwa kudogo), ambapo bahari haiendi mbali lakini huondoka kwa saa iliyo nzuri. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, hata utando ule hutetemeka. Majira ya tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi, ndiyo yenye asubuhi nyingi za shwari. Na akina mama wanaolima mwani kule mbele wako kazini, hawako maonyeshoni. Salimia kwanza, omba, na ukikataliwa geuza lenzi upande mwingine.

Nigusie vifaa kwa ufupi. Kichujio cha polaraizi kimesifiwa mno, na wengi hukivisha kwenye lenzi asubuhi wakakisahau hadi jioni. Kazi yake katika maji ni kuondoa mng'ao, na hufanya kazi hiyo kwa ukamilifu unapoyatazama maji kwa nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake. Kwa maneno mengine, ukikizungusha vibaya kinafuta kile ulichokuja kukitafuta. Kitumie unapotaka kuchagua ni kiasi gani cha mawe ya chini kionekane na ni kiasi gani cha anga kibaki. Vinginevyo kiache mfukoni. Kasi ndogo ya shata, yaani kuliacha pazia la kamera wazi kwa muda mrefu, nayo inaahidiwa kwamba itageuza maji yenye viwimbi kuwa kioo. Haigeuzi. Viwimbi hunyoosha taswira kwa wima, ndiyo maana taa ya mtumbwi usiku huonekana kama nguzo ndefu inayokufuata, na ukiacha shata wazi kwa sekunde kadhaa unapata wastani wa minyoosho hiyo yote: rangi laini zinazoteleza, nzuri kwa namna yake, lakini mstari wa kilele hutaupata. Ukitaka maumbo yenyewe ya viwimbi, yale mabaka ya anga na mlima yanayoungana na kuachana, nenda kinyume, kwenye 1/500 ya sekunde au zaidi, upige nyingi, kwani hakuna mawili yanayofanana.

Jambo la fokasi huwatatiza hata wazoefu. Taswira ya mlima haipo juu ya uso wa maji; kwa lenzi, ipo mbali kama mlima wenyewe. Ukifokasi kwenye jani linaloelea mita moja mbele yako, mlima wa majini utapotea katika ukungu. Ukifokasi kwenye mlima wa majini, jani litayeyuka. Kwenye jani na mlima vyote viwili, bana tundu la lenzi hadi f/11 na utumie lenzi pana, au chagua kimoja kwa makusudi. Mimi mara nyingi huchagua jani na kuuacha mlima uwe rangi tu, kwa kuwa jani ndilo lililopo pale na mimi, na mlima umekuja kututembelea. Anayetumia simu aguse kwenye taswira, ashikilie hadi fokasi ifunge, kisha apunguze mwanga kwa kidole kabla ya kupiga.

Nimeulizwa mara kadhaa kama ni vyema kuipindua picha ya taswira juu chini ili mlima wa majini usimame wima. Sipendezwi nayo. Mtazamaji hufurahi kwa sekunde mbili akigundua hila, kisha huondoka, ilhali picha iliyoachwa ilivyo humlazimisha akae na kuuzoea ulimwengu ulioinama. Katikati ya picha kupita mstari wa ukingo si kosa, wala si sheria. Angalia ni upande upi una jambo la kusema. Duluti, asubuhi ya anga tupu isiyo na wingu, mlima wa juu unajulikana na kila mtu aliyepanda daladala kwenda Arusha. Upande wa maji ndio usiojulikana, na una haki ya kupewa robo tatu ya picha, au picha nzima.

Kwa hiyo, Mwalimu, usinunue kitu. Rudi Duluti na kamera hiyo hiyo, ukiwa na kitambaa cha kuifutia na mfuko wa nailoni wa kulalia. Nenda kwenye yale matete yaliyokuibia kilele, kwa sababu unayafahamu. Weka kamera karibu na maji, tumia kioo cha nyuma kama kinainuka ili usilazimike kuweka shavu kwenye matope, na uitazame taswira peke yake kwa dakika kumi bila kubonyeza. Usiutazame mlima wa juu kabisa. Angalia ni wapi maji yanafunguka na kuonyesha chini, ni wapi anga inayafunga, upepo unaingilia upande gani, na samaki wanapumua wapi. Kisha piga, huku angalau kitu kimoja kinachogusa uso wa maji kikiwemo katika kila picha. Jua likishayafikia matete na maji yakaanza kuwa ya kahawia, kodi mtumbwi, umwombe mpigakasia akupeleke kwenye kivuli cha ukingo wa mashariki na aache kupiga kasia. Mkondo mdogo wa nyuma ya mtumbwi utachukua kama dakika mbili tatu kutulia, na mlima utajijenga upya kipande kwa kipande kuanzia pembeni. Anza kupiga kabla haujakamilika.